Jumapili za Profesa Cole: Historia ya Namba Moja yenye Tarakimu 21

Namba yenyewe ni hii: 147,573,952,589,676,412,927. Ina tarakimu 21, lakini kuipata si kazi. Chukua 2, uizidishe kwa 2 tena na tena mpaka umetumia mbili 67, kisha utoe 1. Wanahisabati huiandika kwa kifupi 2⁶⁷ − 1.

Kwa miaka 232 namba hii ilikaa katika orodha ya namba tasa, yaani zile zisizogawanyika bila baki isipokuwa kwa 1 na kwa zenyewe. Kisha ikathibitishwa kwamba haikustahili kuwamo. Kwa miaka 27 iliyofuata dunia ilijua kwamba inagawanyika, na hakukuwa na mtu hata mmoja aliyeweza kutaja kigawo chake. Hapo ndipo ilipo thamani ya historia hii. Kujua kwamba namba inagawanyika ni elimu moja, na kujua inagawanywa na nini ni elimu nyingine kabisa. Pengo lililo kati ya elimu hizo mbili limewatesa watu wenye akili kubwa kwa karne nyingi, na leo ni miongoni mwa kuta zinazolinda siri za benki na za serikali.

Mtawa na orodha yake

Mwanzo wa habari uko kwa Wagiriki. Euclid, aliyeandika karibu miaka 300 kabla ya Kristo, alivutiwa na namba ambazo ukijumlisha vigawo vyake vyote vilivyo vidogo kuliko zenyewe unairudia namba ile ile. Vigawo vya 6 ni 1, 2 na 3, na jumla yake ni 6. Vigawo vya 28 ni 1, 2, 4, 7 na 14, na jumla yake ni 28. Hizi ziliitwa namba kamilifu. Euclid alithibitisha kanuni ya kuzitafuta: ikiwa 2ⁿ − 1 ni namba tasa, izidishe kwa 2ⁿ⁻¹ na utapata namba kamilifu. Kwa mfano 2³ − 1 ni 7, nayo ni tasa. Izidishe kwa 4, unapata 28.

Wagiriki walizijua nne tu: 6, 28, 496 na 8,128. Mtakatifu Augustino aliandika kwamba Mungu aliumba ulimwengu kwa siku sita kwa sababu sita ni namba kamilifu. Katika karne ya 13 mwanahisabati wa Kiarabu, Ibn Fallus, aliandika orodha ya namba kumi alizoamini ni kamilifu. Saba za kwanza zilikuwa sahihi na tatu za mwisho hazikuwa. Kilichomponza ndicho kilichowaponza wengi baada yake. Ili 2ⁿ − 1 iwe tasa, lazima n yenyewe iwe tasa, lakini sharti hilo peke yake halitoshi. Mwaka 1536 Hudalricus Regius alionyesha kwamba 2¹¹ − 1, yaani 2,047, ni 23 mara 89, ingawa 11 ni tasa.

Kadiri n inavyokua, mambo huwa mazito. Pietro Cataldi wa Bologna aliandaa jedwali la namba tasa zote hadi 750, akagawanya kwa moja baada ya nyingine, mpaka akathibitisha kwamba 2¹⁷ − 1 na 2¹⁹ − 1 ni tasa. Ya pili ni 524,287. Kwa kuwa kipeo cha pili cha 724 kinafika karibu na namba hiyo, hakuwa na haja ya kujaribu kigawo kikubwa zaidi ya hapo: namba ikiwa na vigawo viwili, lazima kimoja kisizidi kipeuo chake cha pili, yaani ile namba inayojizidisha yenyewe na kuizaa. Jedwali lake lilimtosha, ila halikumtosha kwenda mbele zaidi.

Ndipo akaja Marin Mersenne. Alizaliwa mwaka 1588 katika jimbo la Maine, Ufaransa, akawa mtawa wa shirika la Minim, na sehemu kubwa ya maisha yake aliishi katika nyumba ya shirika hilo jijini Paris. Wakati huo hapakuwa na majarida ya sayansi. Aliyegundua jambo alimwandikia Mersenne, naye akawaandikia wengine. Descartes alimwandikia, Fermat alimwandikia, na kijana Pascal alihudhuria mikutano yake. Chumba cha mtawa huyu kilikuwa kituo cha habari za hisabati kwa Ulaya nzima.

Mwaka 1644 Mersenne alichapisha kitabu, na katika dibaji yake akatoa tamko. Alisema kwamba kwa n zote mpaka 257, 2ⁿ − 1 ni tasa pale n inapokuwa 2, 3, 5, 7, 13, 17, 19, 31, 67, 127 na 257, na kwamba kwingine kote si tasa. Hakuonyesha hesabu yoyote. Yeye mwenyewe alikiri kwamba kuchunguza namba ya tarakimu 15 au 20 kwa kuigawanya ni kazi isiyomalizika hata ukipewa muda wote uliopo, na namba ya 67 ina tarakimu 21. Hata hivyo jina lake lilikuwa kubwa, orodha ikapokewa, na namba za sura ya 2ⁿ − 1 zikaitwa namba za Mersenne mpaka leo.

Silaha mbili za Fermat

Pierre de Fermat alikuwa mwanasheria wa Toulouse aliyefanya hisabati baada ya kazi. Katika barua zake kwa Mersenne na rafiki zake aliacha vitu viwili ambavyo bila hivyo historia hii isingeendelea.

Cha kwanza ni cha mwaka 1640. Fermat aligundua kwamba ikiwa p ni namba tasa yenye kuzidi 2, kila kigawo cha 2ᵖ − 1 lazima kiwe kizidisho cha 2p ukiongeza 1. Kwa 2²³ − 1, basi, huna haja ya kujaribu 3, 5, 7 wala 11. Unaanza moja kwa moja na 2 mara 23 ukiongeza 1, yaani 47. Fermat alijaribu, na ikagawanyika: 8,388,607 ni 47 mara 178,481. Kwa 2³⁷ − 1 alipata 223, ambayo ni 6 mara 37 ukiongeza 1. Cataldi alikuwa ameziweka zote mbili miongoni mwa zilizo tasa.

Cha pili kimo katika barua ya karibu mwaka 1643, ambayo inaaminika ilimwendea Mersenne mwenyewe. Fermat alikuwa na namba 2,027,651,281 na alitaka vigawo vyake. Badala ya kugawanya, aliitafutia njia ya kuiandika kama tofauti ya vipeo viwili vya pili. Namba ikiwa x² − y², basi ni x + y mara x − y, na vigawo vimepatikana. Alianza na namba nzima ya kwanza ambayo ikijizidisha inaipita ile aliyopewa, yaani 45,030. Akaipandisha moja moja, kila mara akitoa namba yake na kutazama kama kilichobaki ni kipeo cha pili kamili. Alipofika 45,041, jaribio la kumi na mbili, kilichobaki kilikuwa 1,040,400, nacho ni 1,020 mara 1,020. Basi vigawo ni 45,041 ukiongeza 1,020, na 45,041 ukitoa 1,020: yaani 46,061 na 44,021. Majaribio kumi na mawili tu, ambapo kwa kugawanya angehitaji maelfu.

Njia hiyo ni nyepesi pale vigawo vinapokaribiana. Vikiwa mbalimbali, inageuka mateso. Kwa namba yetu ya tarakimu 21, mtu ambaye angeifuata hatua kwa hatua bila ujanja mwingine angehitaji majaribio zaidi ya bilioni 368.

Baada ya Fermat alikuja Leonhard Euler. Mwaka 1772 alithibitisha kwamba 2³¹ − 1, yaani 2,147,483,647, ni tasa, kama Mersenne alivyosema. Alitumia kanuni ya vigawo ya Fermat, akaongeza kwamba kigawo kikigawanywa kwa 8 lazima kibaki 1 au 7, na hivyo akapunguza majaribio mpaka yakawezekana kwa mkono. Aliyefika 31 hakuweza kufika 67. Kwa zaidi ya miaka mia moja baadaye namba hiyo iliendelea kukaa katika orodha, si kwa kuthibitishwa, bali kwa kukosa mtu wa kuiondoa.

Lucas ajua bila kuona

Aliyeiondoa ni Mfaransa Édouard Lucas, mzaliwa wa Amiens mwaka 1842. Alifanya kazi katika kituo cha kutazamia nyota cha Paris, akapigana kama ofisa wa mizinga katika vita vya Ufaransa na Prussia, kisha akawa mwalimu wa shule za sekondari jijini Paris. Mwaka 1876 alitangaza jambo lisilo la kawaida: kwamba 2⁶⁷ − 1 si tasa. Alipoulizwa vigawo, hakuwa navyo.

Mtu anawezaje kujua kwamba namba inagawanyika bila kujua inagawanywa na nini? Jibu liko katika mtihani alioubuni, ambao Mmarekani Derrick Henry Lehmer aliunyoosha mwaka 1930 ukapata sura tunayoitumia leo. Anza na 4. Katika kila hatua zidisha namba uliyo nayo kwa yenyewe, toa 2, kisha gawanya kwa namba unayoichunguza na ubaki na lile baki tu. Kwa 2ᵖ − 1, fanya hivyo mara p ukitoa 2. Baki la mwisho likiwa 0, namba ni tasa. Likiwa kitu kingine chochote, si tasa.

Jaribu kwa 31, ambayo ni 2⁵ − 1. Hatua ni tatu. Nne mara nne ni 16, toa 2, ni 14. Kumi na nne mara kumi na nne ni 196, toa 2, ni 194, na ukigawanya kwa 31 baki ni 8. Nane mara nane ni 64, toa 2, ni 62, nayo inagawanyika kwa 31 bila baki. Umefika 0, kwa hiyo 31 ni tasa. Sasa fanya kwa 2,047, ile ya Regius, kwa hatua tisa. Kutoka 4 utapita 14, 194, 788, 701, 119, 1,877, 240 na 282, na utaishia 1,736. Si sifuri, kwa hiyo 2,047 si tasa. Angalia tena njia nzima: 23 haikutokea mahali popote, wala 89. Mtihani umetoa hukumu bila kumwita shahidi.

Kwa namba yetu hatua ni 65. Ni kazi nzito kwa kalamu na karatasi, maana katika kila hatua unazidisha namba zenye tarakimu zipatazo 21, lakini binadamu mwenye subira anaimaliza. Ilinganishe na kugawanya. Kwa kanuni ya Fermat, kila kigawo cha 2⁶⁷ − 1 ni kizidisho cha 134 ukiongeza 1, na nyongeza ya Euler inaondoa nusu ya hizo. Leo tunajua kwamba mtu anayezipitia kwa mpangilio angejaribu namba zipatazo 722,000 kabla ya kukutana na kigawo cha kwanza. Hata angekuwa hodari wa kumaliza kila mgawanyo kwa dakika moja, akifanya kazi saa nane kwa siku, angehitaji siku 1,500, na mgawanyo wa namba ya tarakimu 21 kwa namba ya tarakimu tisa haumalizwi kwa dakika moja.

Mwaka huo huo wa 1876 Lucas alithibitisha kwamba 2¹²⁷ − 1, yenye tarakimu 39, ni tasa. Hakuna namba tasa kubwa kuliko hiyo iliyowahi kupatikana bila mashine. Lucas alikufa mwaka 1891 akiwa na miaka 49. Katika karamu ya wanasayansi sahani ilivunjika, kipande kikamkata shavuni, kidonda kikaingia maradhi, na baada ya siku chache akafariki. Namba aliyoihukumu mwaka 1876 ilikuwa bado inaficha vigawo vyake.

Pengo hilo lilikuwa limeanza kuonekana na watu wengine pia. Mwaka 1874 mwanauchumi Mwingereza William Stanley Jevons aliuliza katika kitabu chake ni namba zipi mbili zinazozaa 8,616,460,799 zikizidishwa, akasema anadhani hakuna atakayejua isipokuwa yeye. Namba hizo ni 89,681 na 96,079. Derrick Norman Lehmer, baba wa yule Lehmer wa 1930, alizipata bila taabu kubwa. Jevons aliikosea namba yake, ila kuhusu hali ya jambo lenyewe alikuwa sahihi: kuzidisha na kutafuta vigawo havina uzito mmoja. Ni kama kuchanganya unga wa mahindi na unga wa muhogo. Mchanganyiko ni kazi ya dakika, na kuutenganisha tena punje kwa punje ni kazi ya maisha.

New York, Oktoba 1903

Frank Nelson Cole alizaliwa mwaka 1861 Ashland, Massachusetts. Alisoma Harvard, akaenda Leipzig kwa Felix Klein, akafundisha Michigan, kisha tangu 1895 akawa profesa katika Chuo Kikuu cha Columbia. Alikuwa katibu wa American Mathematical Society kuanzia 1896 hadi 1920. Hakuwa mtu wa majigambo. Alijulikana kama mfanyakazi anayehakikisha mikutano inafanyika na jarida linatoka.

Tarehe 31 Oktoba 1903 chama hicho kilikutana New York, na Cole alikuwa na mada kuhusu kutafuta vigawo vya namba kubwa. Kilichotokea kimesimuliwa na Eric Temple Bell katika kitabu cha mwaka 1951. Bell hakuwapo ukumbini siku hiyo, na alikuwa msimulizi aliyependa kunogesha, lakini habari yake ndiyo iliyobaki. Anasema Cole alikwenda ubaoni bila kutamka neno. Akaanza kuzidisha 2 mpaka akafika 2⁶⁷, akatoa 1, akaandika jibu. Akahamia upande wa ubao uliokuwa mtupu, akaandika:

193,707,721 × 761,838,257,287

Akazidisha mstari kwa mstari, kama mwanafunzi wa darasa la tano anavyofundishwa. Alipojumlisha, tarakimu zote 21 zililingana na zile za upande wa pili. Ukumbi ukampigia makofi, naye akarudi kuketi. Hakuulizwa swali.

Huna haja ya kumwamini Bell ili kuliamini jibu. Chukua karatasi uzidishe mwenyewe. Hiyo ndiyo heshima ya ushahidi wa aina hii: anayeutafuta hutumia miaka, na anayeuhakiki hutumia nusu saa. Utaona pia mkono wa Fermat. Toa 1 kwenye kigawo kidogo, gawanya kwa 134, unapata 1,445,580 bila baki. Fanya hivyo kwa kikubwa, unapata 5,685,360,129. Kanuni ya mwaka 1640 ilikuwa imekaa ikivisubiri vigawo hivyo kwa miaka 263.

Makala ya Cole ilitoka katika jarida la chama Desemba 1903. Hakugawanya kwa upofu. Alitafuta mabaki ya vipeo vya pili, yaani namba ndogo ambazo hubaki unapogawanya kipeo fulani cha pili kwa 2⁶⁷ − 1. Kila baki la namna hiyo huweka sharti jipya juu ya kigawo, na kila sharti huondoa karibu nusu ya namba zilizosalia. Ukikusanya masharti mengi, zile laki saba na ushei zinapungua mpaka zinaweza kupitiwa kwa mkono.

Bell anasema alimuuliza Cole mwaka 1911 kazi hiyo ilimchukua muda gani. Cole alimjibu kwamba zilikuwa Jumapili za miaka mitatu. Mtu aliyekuwa na madarasa ya kufundisha na ofisi ya chama ya kuendesha alitoa siku yake ya mapumziko, wiki baada ya wiki, kwa hesabu ambayo hakuna aliyemtuma. Haba na haba hujaza kibaba. Alipostaafu, wenzake walimchangia fedha kwa shukrani, naye akazitoa kwa chama. Ndizo zilizoanzisha Tuzo ya Cole, ambayo hadi leo ni miongoni mwa tuzo kubwa za aljebra na nadharia ya namba.

Orodha ya Mersenne iliendelea kusahihishwa. Mwaka 1883 padri wa kijijini nchini Urusi, Ivan Pervushin, alionyesha kwamba 2⁶¹ − 1 ni tasa, nayo haikuwamo. Ralph Ernest Powers, mfanyakazi wa reli nchini Marekani, aliongeza 89 mwaka 1911 na 107 mwaka 1914. Katika miaka ya 1920 ikathibitishwa kwamba 257 haistahili. Mersenne alikuwa ameweka mbili zisizostahili na kuacha tatu zilizostahili. Ilichukua miaka 303, mpaka 1947, kwa orodha nzima kuhakikiwa.

Pengo lageuka ufunguo

Kwa muda mrefu elimu hii haikuwa na soko. Mwaka 1977 vijana watatu wa MIT, Ron Rivest, Adi Shamir na Leonard Adleman, walilichukua lile pengo wakalifanya kufuli. Unachagua namba tasa mbili kubwa, unazizidisha, unatangaza zao lake kwa dunia nzima. Yeyote anaweza kutumia zao hilo kufunga ujumbe wa kukutumia, lakini wa kuufungua ni mwenye kujua vigawo. Hata Clifford Cocks wa idara ya mawasiliano ya siri ya Uingereza alikuwa amefikia wazo hilo mwaka 1973, ila kazi yake ilifichwa kwa miaka mingi.

Agosti 1977 Martin Gardner aliandika kuhusu mfumo huo katika jarida la Scientific American. Wavumbuzi waliweka namba ya tarakimu 129 na ujumbe uliofungwa nayo, wakaahidi dola 100 kwa atakayeufungua. Makadirio yaliyochapwa yalisema kazi hiyo ingehitaji miaka bilioni milioni 40.

Ilihitaji 17. Mwaka 1981 Carl Pomerance alibuni njia mpya iliyorudi kwenye wazo la Fermat la tofauti ya vipeo vya pili na kulipanua. Huhitaji kungoja kipeo kimoja kamili kijitokeze. Kusanya mabaki mengi yenye vigawo vidogo, kisha uyaunganishe mpaka yazae kipeo kamili. Na uzuri wake ni kwamba kukusanya mabaki kunaweza kugawanywa kwa watu wengi. Derek Atkins, Michael Graff, Arjen Lenstra na Paul Leyland waliwaita watu wa kujitolea wapatao 600 wenye kompyuta zipatazo 1,600. Kwa miezi ipatayo minane kila mmoja alituma mabaki yake kwa barua pepe. Aprili 1994 vigawo vilipatikana, kimoja cha tarakimu 64 na kingine cha 65, na ujumbe ukafunguka: sentensi isiyo na maana kubwa, kuhusu maneno ya uchawi na ndege mla mifupa mwenye kinyaa.

Jumapili za Cole zilikuwa zimegawanywa kwa watu 600. Kazi ilikuwa ya aina ile ile, na ujanja wa mabaki ya vipeo vya pili ulikuwa jamaa wa ule alioutumia yeye. Namba yake ya tarakimu 21 leo kompyuta ya mezani huivunja chini ya sekunde moja. Lakini kufuli hazijavunjika, kwa sababu waliozitengeneza wameongeza tarakimu. Mwaka 2020 watafiti walivunja namba ya tarakimu 250 kwa hesabu ambayo kompyuta moja yenye kiini kimoja ingeifanya kwa miaka ipatayo 2,700. Funguo za aina hii zinazotumika sasa kwenye tovuti nyingi zina tarakimu 617, na hakuna aliyewahi kuvunja namba ya ukubwa huo iliyochaguliwa vizuri kwa kompyuta zilizopo. Mwaka 1994 Peter Shor alionyesha kwamba kompyuta ya kwantamu yenye nguvu ya kutosha ingeweza kufanya hivyo, na ndiyo sababu wataalamu wa usalama tayari wanaandaa kufuli za aina nyingine.

Hukumu yangu ni kwamba Lucas na Cole wanapaswa kusomeshwa pamoja. Shule zetu humfundisha mtoto kutafuta vigawo kana kwamba ni zoezi moja lenye jibu moja: gawanya kwa 2, gawanya kwa 3, endelea. Hapewi nafasi ya kugundua kwamba swali "je, inagawanyika?" na swali "inagawanywa na nini?" yanaweza kutenganishwa na miaka 27, na kwamba yote mawili yanaweza kujibiwa kwa kalamu na mtu aliyedhamiria. Mwalimu anayewapa wanafunzi wake 31 na 2,047 na mtihani wa Lucas anawafungulia mlango huo kwa kipindi kimoja cha darasa.

Na kazi yenyewe haijaisha. Namba 2¹²⁷⁷ − 1 ina tarakimu 385. Tangu miaka ya 1950 inajulikana kuwa si tasa, kwa mtihani ule ule wa Lucas na Lehmer ulioendeshwa kwa kompyuta, na hadi leo hakuna aliyetaja hata kigawo chake kimoja. Kanuni ya Fermat bado inatawala: kila kigawo chake, kwa ukubwa wowote, ni kizidisho cha 2,554 ukiongeza 1. Atakayekipata hatahitaji kutetea jibu lake kwa maneno. Atazidisha, na tarakimu zitalingana.